Sokwe Akionyesha Meno Hacheki

Baba,

Shikamoo.

Nimeliandika neno hilo nikajikuta nangoja. Masikio yangu yamezoea kusikia "marahaba, Mwaju, marahaba sana," na ile ya pili ulikuwa unaivuta mpaka nacheka. Leo hakuna wa kuitika. Basi najiitikia mwenyewe, nisije nikaanza barua na deni la salamu.

Ni Jumapili asubuhi hapa Guangzhou. Saumu ametoka kwenda kununua samaki. Ni yule binti wa Unguja ninayekaa naye chumba kimoja, uliyekuwa ukimtania kwenye simu kwamba utamposa, naye akikujibu kwamba kwao mahari ni ghali. Amenunua mapazia mapya. Duka la tambi la pale chini limefungwa, siku hizi wanauza vifuniko vya simu. Mtaa wetu ni ule ule, watu wamejaa, mikokoteni ya marobota inakukanyaga vidole usipokuwa macho. Nakwambia hivi vidogo kwa sababu ulikuwa unaviuliza. Wengine wote wananiuliza kontena limeondoka lini.

Hamisi alinipigia nikiwa Guangyuan Xilu, kwenye yale majumba makubwa ya nguo za jumla karibu na stesheni. Huko nyumbani ilikuwa ndiyo kwanza kunapambazuka, huku jua limeshapanda. Nilikuwa nimeshika gauni mkononi nabishana bei. Hamisi, mdogo wangu mwenye maneno mengi kuliko redio, alisema tu, "Dada, Baba ametutoka." Nikamrudishia laoban, yaani bosi wa duka, gauni lake. Nikamwambia asante kwa Kichina. Kisha nikatabasamu, Baba. Nilitabasamu meno yote nje, nikatoka, nikatabasamu kwa mlinzi wa lifti, nikatabasamu kwa wapagazi.

Ulizikwa siku hiyo hiyo baada ya adhuhuri, kama inavyotakiwa. Maiti haingojeshwi, na hata ningepata ndege dakika ile nisingekuwahi. Hakuna aliyekosea. Lakini asiyekuwepo na lake halipo. Watu wa kijiji kizima wamelishika jeneza lako, wamerusha udongo, wamelia mpaka wakatokwa na makamasi, wamekula wali wa msiba. Mimi lile langu sikulipata. Ile saa mliyokuwa makaburini nilikuwa nimesimama kwenye foleni ya kufunga mizigo, na mzigo wangu ukafungwa vizuri sana.

Watanzania wa hapa walinijia, usidhani walinitupa. Walijaa chumbani mpaka wengine wakakaa kwenye ngazi, wakakusomea, wakanishika mkono. Na kisha wakawa wananingoja. Unajua tunavyosema: kilio huanza mfiwa ndipo wa mbali akaingia. Mimi mfiwa nikawa naenda na birika nawamiminia chai, nawauliza sukari, natabasamu. Saumu akasema mbele ya watu, "Wallahi Mwajuma una moyo wewe! Ingekuwa mimi nshazimia zamani." Alikuwa ananisifu. Watu wakaitika kwamba kweli, dada huyu jasiri, wakamaliza chai, wakaenda zao. Kifo cha wengi harusi, ndivyo wahenga walivyosema. Sikujua kifo cha mtu mmoja kinaitwaje.

Wewe ungejua. Ungeniona kwenye mlango tu ungejua.

Nakumbuka ulivyotufundisha, mimi na Hamisi, jikoni kwa Mama, ukiwa umetoka kambini mlimani kwenye kazi yako ya kufuata sokwe, huna hata siku ya kupumzika. Ulikuwa unakunja uso mbele ya moto. Mdomo unauachia wazi, umelegea, meno ya juu umeyafunika na mdomo: "Huyu anacheza. Anacheka huyu." Kisha unavuta midomo nyuma, meno yote nje, ya juu na ya chini yamebanana: "Na huyu?" Sisi tunapiga kelele, "Anacheka sana!" Wewe unatikisa kichwa. "Sokwe akionyesha meno hacheki. Anaogopa. Huyu usimsogelee, na usimcheke, maana hapo alipo hana pa kwenda." Mama alikuwa anasema unatufundisha ujinga, mzee mzima kukunja uso kama kinyago. Lakini alikuwa anaangalia, akigeuza ugali.

Basi Baba, tangu siku ile meno yangu yako nje, na mji mzima unadhani nacheka.

Ulikuwa unaniuliza swali moja kila tukipigiana simu, nami nalikwepa kwa mzaha. "Huko nani anakutazama uso?" Nakujibu, "Baba, huku watu wanatazama mzigo." Unacheka. Kisha unasema, "Leo umechoka," au "Leo kuna mtu amekuudhi," na mimi sijasema kitu, nimesema shikamoo tu. Nilikuuliza unajuaje. Ukasema mtu aliyeshinda miaka akisikiliza viumbe wasiosema, huyo anayesema atamfichaje?

Kuna mwanamke mmoja wa Bukavu hapa, ananunua viatu. Siku moja aliniambia gorila wa kwao huimba wakila chakula kitamu, wanaguguma chini chini kama mtu anayeimba na mdomo umefungwa. Nilikusimulia kwenye simu. Ukafurahi mpaka ukaita watu. Hamisi anasema tangu siku hiyo ulikuwa ukila samaki wetu wa migebuka unaguguma, na Mama akipika vibaya hugugumi, basi anajua. Alisema hata ile jioni ya mwisho uliguguma. Nimeshikilia hilo.

Mama. Nisikufiche. Mama ameingia eda na amefunga mdomo. Hali ila kwa kusukumwa, anakaa chumbani ameelekea ukuta. Watu wanakuja, wanamzunguka, wanamwinamia usoni, "Pole Mama, sema basi hata neno, Mama tutazame." Hamisi naye kutwa yuko mbele ya uso wake na uji. Anazidi kugeukia ukuta. Na lile sufuria lake, wewe unalijua ni lipi, amelifudikiza juu ya kabati na hataki lipikiwe. Mke wa Hamisi alilichukua siku moja apike maharage, Mama akanyoosha mkono akalirudisha pale pale.

Neno lake ni moja tu. Nikipiga simu, Hamisi anamwekea sikioni, anauliza, "Umelia?" Nasema, "Bado, Mama." Anairudisha simu. Kesho yake tena, "Umelia?" Bado. Nilitamani niseme ndiyo ili apumzike, lakini Mama naye ameishi na wewe, humdanganyi sauti.

Nilianza kuogopa, Baba. Niliogopa kwamba huku kubishana bei na kuvuta mabegi kumenikausha. Nilijaribu. Niliangalia picha yako ile ya Idi, kofia imekaa upande. Nilijifungia bafuni nikafungua maji. Hakuna. Nilikuwa naona zile video fupi ambazo watu hapa wanapenda kutumiana, tembo anatokwa machozi, ng'ombe anatokwa machozi, na watu chini yake wanaandika maneno ya huruma. Nikakumbuka ulivyokuwa unazipinga: "Jicho la mnyama likitoka maji pengine ni mchanga. Kulia kwake kuko kwingine. Mtazame mikono." Nikajitazama mikono. Ilikuwa inakunja fulana.

Siku moja nikaenda bustani ya wanyama ya hapa mjini. Usinicheke. Nilikata tiketi kama mtalii, mtoto wa mfuata sokwe nimelipa kwenda kuona sokwe. Tulivyoitwa "watoto wa sokwe" shuleni mpaka tukapigana, wangeniona wangekufa kwa kicheko.

Yuko jike mmoja mzee, mgongo umeingia mvi. Amekaa nyuma ya kioo kinene. Watu wengi, Jumamosi, watoto mabegani. Kulikuwa na kijana anajipiga kifua na kumkunjia uso, na yule bibi akavuta midomo, meno yote nje. Umati ukafurahi! Simu zikapanda juu. Mama mmoja akamwambia mwanawe jambo, mtoto akapiga makofi, na sikuhitaji Kichina kujua amesema nini: ona, anakuchekea. Walikuwa watu wema tu, Baba, wamemletea mtoto wao furaha. Nilitaka kuwaambia. Maneno niliyonayo ya Kichina ni bei gani, punguza, sitaki, lini itakuwa tayari. Hakuna hata moja la kufaa pale.

Kwa hiyo nikafanya vile ulivyokuwa ukifanya. Nikaenda pembeni kabisa ya kioo, nikakaa chini, nikampa ubavu. Sikumtazama. Nikaokota jani kavu lililodondoka, nikaanza kulichambua, kidogo kidogo, kama mtu mwenye shughuli yake na asiye na haja na mtu. Watu wakanipiga picha na mimi. Nikachambua jani la pili.

Nilikuwa nakuwaza wewe nyuma ya jiko letu, siku ile nilipokataa kurudi shule. Nilijificha nikisema sitatoka mpaka nife. Mama aliniita, Hamisi alinichungulia, nikawatupia vijiti. Wewe ulikuja ukakaa upande, hukunitazama, hukusema. Ulivuta jani la muhogo kwenye ungo, ukalichambua. Ukavuta jingine. Jua likahama. Mwishowe nikaanza kusema mwenyewe, yote, na jina la kila aliyenitukana, na wewe bado unachambua. Ukamaliza kisamvu chote cha Mama. Aligomba! "Mwanangu mmoja umempata, mboga ya watu wote umeipoteza." Ndiyo siku hiyo ukaniambia kwamba huko mlimani, sokwe akiwa na wasiwasi nanyi, mnakaa chini na kuchambua majani, mnamwonyesha kwamba hamkuja kwake, mmekuja kuwa karibu tu.

Yule bibi wa kioo alinitazama mara moja. Kisha akainuka, akaenda kwenye majani yake makavu kule nyuma, akalala ametupa mgongo. Basi. Hakunijua, na kwa nini anijue? Huenda hajawahi kuona mteremko maishani mwake, wala mtu wa kukaa upande. Nilirudi na basi nimesimama, na ndiyo siku niliyojisikia mpweke kuliko zote, kuliko hata siku ya simu ya Hamisi. Nilisema, basi, hata huku kwa sokwe hakuna mtu wangu.

Sasa nakwambia kilichonifanya niandike.

Juzi nilikwenda Xintang kuangalia mzigo wa jinzi. Huko ndiko zinakoshonwa, mitaa mizima ni jinzi, hata maji ya mtaroni unayaona yamekolea buluu. Mama bosi wangu wa huko ana karakana ya chini, na mbele yake uani wanakaa kina mama watu wazima kwenye vigoda vya plastiki, kazi yao kukata nyuzi. Kila jinzi ikitoka cherehani ina nyuzi zinaning'inia kwenye mapindo, kwenye mifuko, nao wanazikata moja moja, wanageuza, wanakata, wanatupa kwenye rundo. Vidole vyao vya buluu. Tunawaita ayi, kama sisi tunavyosema shangazi.

Niliingia kama kawaida, meno nje, salamu kwa sauti. Mama bosi alikuwa kwenye simu, akaniashiria ningoje. Nikasimama pale na tabasamu langu. Ayi mmoja, mzee, nywele fupi nyeupe, akaniangalia. Aliniangalia usoni, Baba. Kidogo tu, kama unavyoangalia sufuria kujua kama limechemka. Kisha akarudisha macho kwenye kazi yake. Mguu wake ukasukuma kigoda kitupu mpaka karibu nami. Nilipokaa akaniwekea mkasi mdogo pajani na jinzi moja, wala hakugeuka tena.

Nikakata nyuzi. Mikasi inalia, kila mtu na lake, ubavu kwa ubavu. Nikamaliza moja, nikavuta nyingine kwenye rundo. Jinzi zile wala hazikuwa za mzigo wangu. Na mikono yangu ikaanza kutulia.

Nikamkumbuka yule sokwe, Sikujua. Yule jike wenu wa mlimani uliyetusimulia habari zake mpaka Mama akalia, aliyembeba mwanawe aliyekufa mgongoni, amekauka, naye anamfukuzia nzi na kumtengeneza manyoya. Vijana wa kambini walisema ni mjinga, hajui kwamba amekufa. Ukakasirika. "Anajua. Amembeba kwa namna ambayo hambebi mtoto mzima. Anajua, ila hajapata pa kumweka." Na ulisema kilichomfanya amlaze chini hatimaye ni jike mwingine, hata si ndugu yake, aliyekuja akakaa kando yake akamchambua manyoya begani kimya kimya, mpaka mikono ya Sikujua ikalegea yenyewe.

Nilikuwa nawaza hivyo ndipo yule ayi akanyoosha mkono bila kugeuza kichwa, akatoa kipande cha uzi kilichonasa kwenye mtandio wangu, hapa begani. Akakitupa chini. Akaendelea na kazi yake.

Baba, nililia.

Sikulia kama mtu mwenye adabu zake. Ilitoka sauti ambayo sikuijua, nyembamba, ya kukatika katika, kama ile uliyokuwa ukituigiza ya mtoto wa sokwe aliyeachwa chini ya mti na mama yake yuko juu. Niliilowesha jinzi ya watu. Na wale kina mama hawakuacha kukata, hakuna aliyeinama usoni kwangu, hakuna aliyeniambia nyamaza. Yule mzee alisogeza tu goti lake likagusa langu, akaliacha hapo. Mama bosi akatoka na simu yake, akatutazama, akarudi ndani. Baadaye feni ikageuzwa upande wetu.

Sikuweza kumwambia ayi kwa nini. Hajui nina baba, hajui umekufa, hajui sokwe wala mlima. Nilisema xiexie, asante, akapunga mkono kama anafukuza nzi.

Palepale nje, kwenye ukuta wa karakana, nikampigia Hamisi. Nikamwambia muulize Mama kama anataka kusikia. Akamwekea simu sikioni. "Umelia?" Nikasema, "Nimelia, Mama." Akasikiliza ninavyovuta kamasi. Akasema, "Alhamdulillahi." Na safari hii hakuirudisha simu.

Nikamwambia Hamisi fungua video, simu iegemeze kwenye kikombe pembeni yake, isimtazame usoni, na umletee ungo na mchele. Hamisi akang'aka. "Dada, mtu hali chakula unampa mchele auchambue?" Nikamwambia lete, kisha ondoka hapo na uji wako, ondokeni wote. Akaguna, akaleta. Mimi nikaingia tena uani, nikaweka simu ubavuni, nikavuta jinzi. Sikumtazama Mama. Nilikuwa naona kwa pembe ya jicho rangi ya kanga yake tu. Kwa muda hakuna. Kisha nikasikia, Baba, ile sauti ya mchele ukisukumwa kwenye ungo kwa kidole, na jiwe moja dogo likitupwa. Tukakaa hivyo, yeye na mchele wake, mimi na nyuzi zangu, mpaka chaji ikaisha.

Jana tena tulifanya hivyo. Hamisi anasema jioni alikula.

Nimeshapata tiketi. Mzigo Saumu ataufuatilia, ameniambia nenda, mwaya, na alilia aliponiambia, kwa kuwa sasa mfiwa ameanza. Nitafika kwako kwanza nikusomee, nitatoa nyasi zilizoota, nitakaa kidogo upande wako. Kisha nitashika njia ya nyumbani, na hili ndilo ninalokuahidi.

Unakumbuka ulivyokuwa unarudi. Hukuwahi kupiga hodi kama waume wa watu. Ukifika pale njia inapopindia juu ya mteremko, unaita kama wao, huu, huu, huu, inapanda inapanda mpaka mbwa wa kijiji wanabweka, na majirani wanasema, mwendawazimu amerudi. Na Mama jikoni, awe na mgeni, awe amekukasirikia, anageuza lile sufuria anagonga kitako chake kwa mwiko, ngo, ngo, ngo, kama wao wanavyogonga mashina ya miti kuitikiana. Ndipo unashuka. Hukuwahi kushuka kabla hajagonga.

Mimi na miaka yangu hii, na mabegi yangu ya Guangzhou, na vijana wa bodaboda wakinitazama, nitasimama pale pale kwenye kona na nitaita. Sijui kama sauti yangu itafika. Sijui kama atanyoosha mkono juu ya kabati. Asipogonga sitamwita tena siku hiyo, nitashuka polepole, nitakaa ubavuni kwake na kuchambua chochote nitakachokikuta kwenye ungo, na kesho yake nitapanda tena mteremko.

Lala salama, Baba. Nikifika penye kona, sikiliza.

Mwanao,
Mwaju